Besi kwenye Kopo la Vifungo

Ukitaka kujua kama mzee amekusikia, usimtazame kichwa. Kichwa chake kiliitikia kila kitu. Ukimwambia chakula kiko tayari, kinaitikia. Ukimwambia paka ametapika kwenye kiatu chake, kinaitikia vilevile, na mdomo unasindikiza: "Vizuri, vizuri sana." Siku moja fundi bomba alimweleza kwa kirefu kwamba bomba la uani limepasuka na nyumba nzima haitapata maji, naye mzee akamshika mkono kwa furaha na kumpongeza.

Binti yake, fundi cherehani aliyeshonea kwenye chumba cha mbele cha nyumba hiyohiyo, aliwasimulia wateja kisa hicho na wote wakacheka mpaka wakashika mbavu. Wateja walipoondoka alikwenda kumchungulia baba yake sebuleni, akamkuta ameketi anautazama ukuta, na kicheko kikamwishia. Mzee huyu alikuwa mpiga gitaa la besi katika bendi ya dansi, na hadi leo watu wa rika lake walimwita Besi. Sasa alikuwa anaishi ndani ya ukimya na kuitikia kwa kichwa ili asiwasumbue walio nje yake.

Hospitali walimpa kifaa cha kuvaa sikioni. Alikivaa siku chache, akasema kinamletea kelele za vijiko tu na kumpigia mluzi kama askari wa barabarani, akakifungia kwenye droo. "Sikio la kufa halisikii dawa," alisema, akacheka peke yake. Tangu hapo, jambo lolote la maana binti alimwandikia kwa chaki ya kushonea kwenye kipande cha kitambaa cheusi, akilifuta kwa kiganja na kuandika jingine.

Jumatatu moja simu ililia. Alikuwa Kishindo, mpiga dramu wa bendi ileile, na ndiye pekee aliyebaki zaidi ya mzee.

"Mwanangu, baba yako mzima? Mwambie Jumapili nakuja. Nimeipata ile rekodi yetu! Nimetiliwa kwenye simu. Sasa tutajua nani aliharibu wimbo!"

Hapa lazima ugomvi wa wazee hawa uelezwe, maana ulikuwa na umri mkubwa kuliko binti mwenyewe. Bendi ilirekodi wimbo mmoja tu uliopata kupigwa redioni. Katikati ya wimbo magitaa yananyamaza kidogo, kisha wote wanatakiwa kurudi pamoja. Siku ya kurekodi hawakurudi pamoja. Mmoja aliwahi, wimbo ukajikwaa, na kwa kuwa nafasi ya kurudia haikuwepo, ukatoka hivyohivyo. Kishindo alisema aliyewahi ni Besi. Besi alisema Kishindo ndiye aliyechelewa, tena kwa sababu alikuwa anamtazama mpishi wa pale studio. Redio za majumbani zilikuwa vidude vidogo visivyotoa besi hata kidogo, kwa hiyo kila mtu alizisikia dramu na hakuna aliyelisikia gitaa la mzee. Kesi ikabaki bila shahidi.

Binti aliandika kwenye kitambaa: KISHINDO ANAKUJA JUMAPILI. ANA REKODI.

Mzee alisoma. Safari hii kichwa hakikuitikia.

"Mwambie nimesafiri."

KWENDA WAPI?

"Popote. Nchi ni kubwa." Aliufuta mwandiko kwa kiganja chake mwenyewe. "Mwanangu, yule atakaa hapa apige wimbo wangu, mimi nimkodolee macho kama gunia la mkaa? Nikimwitikia atajua naongopa. Wewe huwezi kujua, lakini yule atajua. Mwambie nimesafiri."

Maneno hayo yalimchoma binti, hasa lile la kwamba yeye hawezi kujua. Alirudi kwenye cherehani akashona mfuko wa suruali juu chini. Alikuwa anaufumua, huku akijilaani, ndipo lori la mchanga lilipokaribia barabarani. Kupitia mlango wa sebuleni alimwona mzee akiinua uso kutoka kwenye sahani yake na kutazama dirishani. Lilikuwa bado halijaonekana. Binti akaacha mkasi hewani. Milango, vijiko, sauti ya mkwe wake, hata honi za pikipiki, vyote vilimpita mzee, lakini malori alikuwa akiyajua kabla ya wote. Mbona hajawahi kuliwaza hilo?

Alivuka barabara kwenda kwa fundi redio. Huyu walimwita Fyuzi, kwa sababu utulivu wake ulikatika ghafla na kurudi ghafla, na wateja wake walishazoea kusubiri giza lipite.

"Kwa hiyo sauti nyembamba zimemtoka, nene zimebaki," alisema Fyuzi baada ya kusikiliza. "Wazee wengi ndivyo. Na nyinyi mnampigia muziki kwenye simu! Spika ya simu ni ukubwa wa kifungo cha shati. Besi itatokea wapi, mbinguni?"

"Nataka mashine ya kuitoa."

"Kanunue dukani."

"Ningekuwa na uwezo wa dukani ningekuja kukuangalia sura yako?"

Fyuzi alicheka, akaanza kupekua maboksi yake ya vifaa vilivyokufa. Angemtengenezea mwenyewe, alisema, ila macho yalikuwa yameanza kumsaliti kwenye vitu vidogo. Siku hizi alikuwa akiunganisha nyaya kwa risasi ya kuyeyusha kwa kubahatisha. Lakini mtu anayeweza kutunga uzi kwenye sindano huku anabishana na mteja, huyo ana mkono. Atamfundisha. Alimpa transfoma iliyotoka kwenye redio kaseti iliyounguzwa na radi, kapasita mbili nono za televisheni ya zamani, na aisii moja nyeusi, mpya, yenye miguu mitano kama mdudu aliyekosa mguu mmoja. "Hii ndiyo amplifaya yenyewe," alisema. "Vingine vyote ni watumishi wake." Spika kubwa ya besi waliitoa kwenye kabati la baa iliyofungwa, karatasi yake ilikuwa imechanika pembeni, na binti aliitia kiraka cha kitambaa chepesi na gundi ambacho ungedhani ilizaliwa nacho.

Kazi ikahamia kwenye meza ya kukatia nguo. Lilihitajika boksi la chuma la kuhifadhia mitambo, binti akamwaga vifungo vyake vyote kwenye bakuli na kulitoa kopo la biskuti alilovitunzia. Mgongo wa aisii ulitakiwa kuegemezwa kwenye bati la kupooza joto, lakini kati yao ipite mika, ngozi nyembamba inayopitisha joto na kuzuia umeme. Fyuzi hakuwa nayo. Binti aliguna, akavuta pasi yake ya zamani iliyokufa, akaifungua tumbo, na humo ndani mika ilikuwa imelala ikisubiri. Na bati la kupooza je? Hilo lilipatikana jikoni, na tusiseme zaidi.

Ila mume wake alisema. Alikuwa mpishi wa shule, mtu wa utani mwingi na vyombo vichache vya nyumbani alivyovipenda kama watoto.

"Mama, mfuniko wa sufuria yangu kubwa uko wapi?"

"Upo kazini."

"Kazini wapi?"

Alinyoosha kidole. Mfuniko ulikuwa umekatwa nusu, umetobolewa, na aisii imefungwa juu yake kwa skrubu. Mume aliutazama kwa muda kama mtu aliyeitwa kutambua maiti.

"Huyo baba yako," alisema hatimaye, "asiposikia baada ya hapa, mimi ndiye nitakayelia." Kisha akaenda kutafuta mbao, akabomoa kabati la nguo lililokuwa limekaa uani likinyeshewa, na kumpigilia boksi la spika. Alikuwa fundi wa uji zaidi kuliko wa mbao, na pembe za boksi zilionyesha hivyo, lakini lilisimama.

Binti alijifunza kuyeyusha risasi. Mwanzoni ilijikusanya kama makamasi, kisha ikaanza kukaa na kung'aa. Ijumaa kila kiungo kilikuwa mahali pake, ila ndani ya kopo nyaya zilikuwa zimesambaa ovyo, na mtu aliyeishi kwa kunyoosha pindo hangeweza kulala na hali ile. Akazilaza zote pamoja, waya wa umeme, waya wa transfoma, waya wa kutoka kwenye simu, waya wa spika, akazifunga kwa uzi wa bluu, fundo baada ya fundo, kwa umbali uleule, mpaka zikawa msuko mmoja mnene uliozunguka kopo kama nywele za bibi arusi. Alimwita mume aone. Mume alikiri kwamba hajawahi kuona umeme uliovaa vizuri namna ile.

Jumamosi mchana waliwasha. Fyuzi alikuwa amemwonya wawashe kwanza kupitia balbu: balbu ikiwaka kwa nguvu na kubaki, kuna shoti, zima kabla nyumba haijazimika yenyewe, ikiwaka kidogo na kufifia, mshukuru Mungu. Mzee aliketishwa mbele ya boksi. Binti alipeleka mkono kwenye swichi, na kabla hajaigusa mzee alishaanza.

"Vizuri," alisema, akiitikia kwa kichwa. "Vizuri sana."

"Baba, sijawasha!"

"Vizuri sana."

Mume alitoka nje kucheka. Binti akabonyeza swichi. Balbu iling'aa, ikafifia. Na kutoka kwenye boksi ukaja mngurumo, mmmmmm, mnene, mzito, usiokoma, mpaka vifungo kwenye bakuli vikaanza kutetemeka. Hakukuwa na wimbo wowote, hata simu ilikuwa haijachomekwa.

"Debe tupu haliachi kuvuma!" mume alipaza sauti kutoka uani.

Binti alitaka kulia. Wiki nzima, pasi, mfuniko, vidole vilivyoungua, na matokeo yake ni nyuki kwenye kopo. Alinyoosha mkono kuzima, lakini mkono wa baba yake ukamzuia. Kichwa cha mzee kilikuwa kimetulia tuli. Alikuwa ameinama mbele, kiganja kimelala juu ya boksi.

"Sol," alisema.

"Nini?"

"Hiyo ni noti ya sol. Imepanda kidogo." Akakunja uso, kama mtu anayemsikia mwenzake akipiga vibaya ukumbini. "Nani anapiga?"

Binti alikuwa ameshavuka barabara anakimbia bila viatu.

Fyuzi alikuja, akafungua kopo, akatazama msuko wa nyuzi za bluu. Kisha akakatika.

"Hii ni nini? Hii ni sare ya shule? Nani kakwambia nyaya zinataka kupendeza? Waya wa simu unabeba mnong'ono, mnong'ono tu! Waya wa umeme unapiga mayowe. Wewe umewalaza kitanda kimoja na kuwafunga kamba! Lila na fila havitangamani, mama!" Alipumua, umeme ukamrudia, akaendelea kwa upole. "Fundi mwingine yeyote angekosea kwa uchafu. Ni wewe tu ungekosea kwa usafi. Fumua."

Hakuna neno ambalo fundi cherehani hulichukia kuliko hilo. Lakini alichukua wembe, akakata mafundo yote aliyoyapenda. Waya wa simu akaupitisha ng'ambo ya kopo, mbali na mayowe. Nyaya za umeme akazisokota zenyewe kwa zenyewe. Zile zote za kurudisha umeme akazikutanisha kwenye skrubu moja, kama nyuzi zinavyomalizikia kwenye fundo moja upande wa ndani wa nguo. Kopo likaonekana kama kiota cha ndege mvivu. Akawasha. Kimya.

"Yule wa sol yuko wapi?" aliuliza mzee. "Mmemfukuza?"

Walicheka, na binti akachomeka simu yake na kupiga wimbo wa kwanza uliomjia. Sauti ilijaa chumba. Mume akatingisha mabega. Mzee aliweka kiganja kwenye boksi, akasubiri, akakiondoa na kukirudisha pajani.

"Vizuri," alisema. "Vizuri sana."

Ilikuwa sauti ileile aliyompongezea fundi bomba. Binti alichukua kitambaa na chaki: UMESIKIA KWELI?

"Vizuri sana, mama." Akampigapiga mkono. "Umehangaika mno. Mwambie Kishindo aje. Nitakaa naye. Nitaitikia."

Ni heri angekataa. Binti alifunga kopo na kwenda kupika, na chumvi aliyotia jioni ile kila mtu aliimeza kwa heshima. Baba yake alikuwa amekubali kuaibika mbele ya rafiki yake ili yeye asijione amefanya kazi bure. Sol aliisikia, hilo lilikuwa hakika. Kwa nini basi wimbo umempita?

Jumapili asubuhi, wakati mzee anaoga na kuimba kwa sauti iliyopotoka, alirudi kwenye boksi. Alipiga wimbo uleule na kuketi mbele yake. Ngurumo ya jana ilikuwa imetikisa vifungo, wimbo haukuvitikisa. Nguvu ipo, basi inavujia wapi? Bila kufikiri sana alikata kipande cha uzi, akakishika kwa vidole viwili na kukipitisha kwenye pembe za boksi, polepole, kama anayekagua mshono. Kwenye pembe ya kwanza uzi ulitulia. Kwenye ya pili ukaruka. Kwenye ya tatu ukacheza dansi. Kila palipokuwa na mwanya kati ya mbao za mpishi, pumzi ya spika ilikuwa inatorokea hapo, na besi pamoja nayo.

"Njoo uone kazi yako," alimwita mume.

"Usipoziba ufa utajenga ukuta," alisema mume kwa unyenyekevu usio wa kawaida yake, akaleta gundi.

Waliziba pembe zote kwa vipande vya kitambaa vilivyolowa gundi. Ndani ya boksi binti alijaza pedi za mabega za makoti ambayo wateja hawakuwahi kurudi kuyachukua, ili sauti isigongegonge mbao. Skrubu ya mwisho ilikuwa bado inakazwa pale mlango ulipogongwa, au tuseme uliposhambuliwa, maana Kishindo hakuwa amepoteza mkono wake wa dramu. Nafasi ya kumjaribisha mzee haikuwepo tena.

"Besi! Mwongo mkubwa! Bado unaishi?"

Mzee alikuwa amevaa shati lake jeupe. Alimkumbatia rafiki yake, akaitikia kwa kichwa. "Vizuri," alisema. "Vizuri sana." Kishindo alimtazama usoni kidogo, akamgeukia binti, na binti aliona kwamba tayari anajua. Tabasamu la Kishindo lilipungua, kisha akalirudisha kwa nguvu, kama mtu anayebeba kitu kizito na hataki asaidiwe.

Waliketi. Binti alichomeka simu ya Kishindo. Mzee aliweka kiganja juu ya boksi kwa adabu, kama mtu anayeshika Biblia ya mwenyeji wake. Wimbo ukaanza.

Kwa mara ya kwanza binti alielewa bendi ile ilikuwa nini. Redioni utotoni alikuwa amesikia magitaa yanayolia na dramu zinazogonga. Hakuwahi kusikia kwamba chini yao kulikuwa na mtu anatembea, hatua nzito, zisizo na haraka, zikiwabeba wote. Vifungo kwenye bakuli vilianza kugongana. Mzee hakuitikia. Kichwa chake kilikuwa kimetulia tuli. Mkono wake wa kushoto uliondoka pajani taratibu, ukapanda hewani, na vidole vikaanza kukunjika mmoja mmoja juu ya shingo ya gitaa ambalo halikuwepo.

Magitaa yakanyamaza. Kikaja kile kimya kifupi. Kisha wimbo ukajikwaa, ukasimama, ukaendelea.

Mzee aliinua mkono. "Rudisha."

Binti akarudisha. Kishindo alikuwa amesogea mpaka ukingoni mwa kiti. Wimbo ukaja, ukanyamaza, ukajikwaa.

"Rudisha tena."

Mara ya tatu mzee alilaza shavu lake juu ya boksi, akafumba macho. Kimya kifupi. Na ndani ya kimya hicho, peke yake, mapema, ikaingia noti moja nene kabla ya dramu.

Mzee alifumbua macho. Machozi yalikuwa yanamtiririka mpaka kwenye kola ya shati jeupe, naye alikuwa anacheka, kicheko cha tumboni ambacho nyumba ile ilikuwa imeshakisahau.

"Ni mimi!" alipiga kelele. "Kishindo, ni mimi! Niliwahi! Sio wewe, ni mimi!"

"Si nilikwambia!" Kishindo alikuwa amesimama, anapiga makofi, anapiga meza, anampiga mpishi wa shule mgongoni. "Si nilikwambia miaka yote hiyo! Mashahidi mpo? Amekiri! Na yule mpishi wa studio sikumtazama!"

"Huyo ulimtazama," alisema mzee, aliyeujua utetezi huo hata bila kuusikia.

Binti aliketi sakafuni karibu na kopo lake lenye joto na kulia bila kujificha. Kitambaa na chaki vilikuwa pembeni yake, hakuvigusa. Hakukuwa na cha kuuliza. Mzee aliyeweza kuitikia chochote kwa ajili ya kumfurahisha mtu asingekubali kushindwa kesi ile hata na malaika, kama hakuwa ameisikia kwa sikio lake mwenyewe.

Mkono wa baba yake ulishuka ukatua kichwani pake.

"Mama," alisema, "ongeza sauti kidogo. Turudishe pale nilipokosea."